Shangazi Nijibu: mgongo jasho, vidole barafu

SWALI: Shangazi shikamoo. Mwanangu ana mwaka na miezi minne, kigari cha kusukuma hataki hata kukiona, ukimweka tu ni vita, kwa hiyo kila tukitoka namfunga kifuani kwenye kibebeo, na kwa hii theluji iliyojaa njiani hata hicho kigari kisingepita. Shida yangu ni nguo. Juzi nikamvalisha ile suti nene ya theluji, mikanda ikagoma kufunga vizuri, kidevu kimezama kwenye kola, tunarudi nyumbani namvua nakuta mgongo umelowa jasho lakini vidole vya miguu barafu tupu! Baba yake anasema nimwongezee sweta. Nimwongezee au nimpunguzie? – Mama Kibebeo

JIBU: Marahaba mwanangu. Baba yake mwambie hilo sweta alivae yeye.

Mgongo jasho na vidole barafu maana yake mtoto kavaa sana juu na chini kaachwa. Wengi mnasahau kwamba kibebeo chenyewe ni nguo, kile kitambaa kinene kimemzunguka kiwiliwili chote, halafu mbele yake kuna kifua chako wewe kinachotoa joto muda wote. Ule ushauri wa kumwongezea mtoto nguo moja zaidi ya uliyovaa wewe unamfaa anayekaa kwenye kigari, huyu wako hiyo moja ya ziada ameshafungwa nayo. Kwa hiyo juu fulana ya mikono mirefu na sweta jembamba vinatosha siku nyingi, baridi ikizidi ongeza kizibao, basi.

Kazi iko miguuni. Miguu inaning'inia nje ya kibebeo, haipati joto lako na haitembei, wewe unapiga hatua unapata joto mpaka unafungua zipu na yeye yuko palepale hajatikisika, kwa hiyo ukijipima kwa mwili wako utakosea kila siku. Halafu akishakaa vizuri, magoti juu kuliko makalio, suruali inapanda na kigimbi chote kinabaki nje. Jaribu leo, mvalishe, mfunge, simama mbele ya kioo uangalie ngozi inaanzia wapi, utashangaa.

Mimi nilikuwa nafanya hivi: taiti ya sufu ndani, soksi ndefu mpaka gotini, suruali iliyozidi saizi moja, kisha juu yake mikono ya sweta kuukuu la sufu niliyoikata nikaivusha kama soksi zisizo na nyayo, inaziba pale suruali inapoachana na kiatu. Sura ya mtoto ilikuwa kichekesho lakini miguu ilikuwa ya moto. Ovaroli zilizoshonewa nyayo kuwa nazo makini, mtoto akikalishwa kitambaa kinavutwa juu na vidole vinabanwa, na mguu uliobanwa unapoa haraka. Buti nazo hivyohivyo, soksi pea mbili ndani ya kiatu kinachobana ni mbaya kuliko pea moja kwenye kiatu chenye nafasi. Na zifunge kwa kamba, maana buti za watoto wa kibebeo zinadondoka na hasemi, unakuja kugundua umeshafika.

Inayogusa ngozi ikiwezekana iwe sufu nyembamba. Pamba ikinywa jasho inabaki mbichi na inampoza, sufu hata ikiwa na unyevu bado inatunza joto.

Sasa ile suti nene, iache kabisa kwenye kibebeo. Si joto tu. Imejaa hewa, unakaza mikanda unaona imebana kumbe imebana suti na siyo mtoto, mkitembea kidogo hewa inatoka, mtoto anateleza chini na kidevu kinalalia kifua, na mtoto wa hivyo hewa inampita kwa shida. Ndiyo sababu hata kwenye kiti cha gari makoti manene hayavaliwi chini ya mkanda. Mfunge kwanza na nguo nyembamba, akae juu kiasi kwamba ukiinamisha kichwa unambusu utosini, halafu vaa koti lako kubwa liwafunike wote wawili, zipu iishie mabegani kwake, uso uwe nje unauona muda wote. Skafu hapana, inaweza kumkaba au kupanda puani. Mzula unaoshuka kwenye masikio na shingo unatosha.

Kumpima usishike mikono yake, mikono ya watoto inapoa hata wakiwa salama. Ingiza vidole nyuma ya shingo, ukikuta pakavu na pana uvuguvugu endelea na safari, ukikuta jasho punguza, ukikuta pa baridi ingieni ndani. Na mtoto mchangamfu akinyamaza ghafla au akalegea kwa usingizi usiokuwa wake, usisubiri. Ukiona doa jeupe shavuni au puani ingia ndani ulifunike kwa kiganja chako chenye joto, usisugue. Upepo ndio adui mkubwa hapa, idara ya hali ya hewa ya Kanada inaonya kwamba baridi pamoja na upepo ikihisiwa kama -28 mpaka -39, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 10 hadi 30. Siku kama hiyo mwanangu kaeni nyumbani mcheze.

Mkipanda basi au mkiingia dukani kofia itoke kwanza na koti lifunguliwe, hata kama amelala. Najua inauma kumwamsha.

SWALI: Shangazi, mimi wangu wa miaka miwili namweka mgongoni. Jaketi langu nilivae juu yake au chini yake? – Baba Mgongoni

JIBU: Ukilivaa chini umemnyima joto lako, hapo mvalishe kama mtoto wa kwenye kigari, na suruali ya kuzuia upepo juu. Ukitaka kulivaa juu yake tafuta lile lenye tundu la pili la kichwa mgongoni, la kawaida litapanda limzibe uso na wewe huna macho kisogoni. Kila baada ya muda washa kamera ya simu ya mbele umwangalie kwa juu ya bega. Viatu vyako viwe na soli inayoshika barafu, ukianguka mmeanguka wawili. Na lile koti lake nene beba kwenye mfuko, umri huo lazima ataomba kushuka atembee, avalie pale chini, akitaka kurudi mgongoni unamvua kwanza, atalia kidogo, mvumilie.