Livunje Kwanza, Jina Baadaye

Ukiokota jiwe jeusi lenye matundu barabarani Lubumbashi, usiseme ni lava. Lava iko Goma. Hapa hatuna volkeno jirani. Hilo huenda likawa taka ya tanuru la shaba, ndugu wa ule mlima mweusi wa terili, yaani lundo la taka za kiwanda, karibu na bomba refu la moshi. Likivunjwa, mara nyingi hung'aa kama chupa.

Ganda la nje halina ushahidi. Mvua na udongo mwekundu hulipaka kila jiwe kutu ileile. Vaa miwani, piga pembeni kwa nyundo hadi upate uso mpya, kisha shika lenzi ya mara 10. Ibandike karibu na jicho na usogeze jiwe, wala si lenzi. Wengi hufanya kinyume, halafu wanalalamika hawaoni kitu.

Chembe zilizofumana bila nafasi huelekeza kwenye mwamba wa moto kama graniti. Chembe zilizogandishwa na saruji ya asili ni za mwamba wa mashapo. Zikiwa kati ya milimita 0.06 na 2, huo ni mwamba wa mchanga. Zikijipanga upande mmoja na kung'aa kwa mika (madini ya vipande vyembamba vinavyometa), fikiria mwamba geu. Hapa Kifaransa chetu kinatuponza: neno "schiste" hubeba udongo ulioganda tu na pia mwamba uliogeuzwa na joto na mgandamizo. Uliza mtu anamaanisha upi. Kuna wanaotafuna kipande ili kutofautisha vumbi na udongo laini. Kwa mawe ya migodi ya Katanga, yenye kobalti na pengine urani, usithubutu.

Ugumu kwa kipimo cha Mohs, cha 1 hadi 10, ambapo kigumu hukwaruza laini: ukucha ni 2.5, kisu kama 5.5, kwatzi 7. Kosa la kawaida ni kuona mstari unaong'aa ukadhani jiwe limekwaruzika, kumbe ni chuma cha kisu kilichobaki juu ya kwatzi. Futa kwa kidole chenye maji, kisha pitisha ukucha: hakuna mfereji, hakuna mkwaruzo.

Asidi hidrokloriki iwe ya asilimia 10, na ukichanganya mimina asidi kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi. Tone moja latosha. Jiwe la chokaa hutoa povu papo hapo. Dolomiti, ndugu wa chokaa mwenye magnesiamu, iliyojaa huku kwetu, hunyamaza mpaka uikwangue iwe unga, ndiyo maana watu huipa jina la jiwe lingine. Kwa mawe ya kijani ya shaba, malakiti hutoa povu, krizokola hapana. Lakini krizokola ikiwa imekaa juu ya dolomiti, povu la chini litakudanganya. Kwangua kijani peke yake kwanza.

Kwa mawe meusi, yasugue kwenye mgongo wa kigae usio na rangi ya kung'aa. Unga mwekundu wa kahawia ni hematiti, madini ya chuma. Unga mweusi unaweza kuwa heterojeniti, madini yenye kobalti, au manganizi tupu, na hapo kigae kimemaliza kazi yake: peleka maabara.