Miguu kugoma baada ya safari ndefu ya baiskeli: ni msuli au ni mishipa ya fahamu?

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini miguu yako ilikosa nguvu hadi kesho yake ulipotoka Urambo kuja Tabora mjini kwa baiskeli, ilhali haikuuma. Ninakujibu kama mtu aliyebeba madumu ya asali kwa baiskeli kutoka Sikonge, takriban kilomita 70, kwa miaka sita.

Kuhusu msuli nitasema machache. Akiba yake ya sukari, yaani glaikojeni, hupungua kadiri saa zinavyokwenda, na msuli uliopungukiwa hujikaza kwa nguvu ndogo hata ukiagizwa vilevile. Tena, kwa kuwa baiskeli haina kishindo cha kutua ardhini kama mbio za miguu, nyuzi za msuli haziumii sana, na ndiyo maana hukusikia maumivu.

Sehemu ya pili, ambayo wengi hatuifikirii, ni ubongo na uti wa mgongo. Wataalamu humtaka mwendeshaji akaze paja kwa nguvu zake zote, kisha huipiga neva ya paja, yaani mshipa wake wa fahamu, shoti fupi ya umeme; nguvu ikiongezeka papo hapo, ni dhahiri kwamba ubongo haukuwa ukiuagiza msuli kikamilifu. Baada ya saa nyingi za kukanyaga pedeli, upungufu huo huongezeka.

Nililiona hili mwezi mmoja wa Oktoba, jua likiwa kali, nilipoegemea mwembe nikashindwa hata kuupitisha mguu juu ya siti. Nilisukutua maji yenye asali, nikayameza taratibu, na muda si muda miguu ikakubali, wakati sukari ile haijafika mapajani. Mwaka 2004 watafiti wa Uingereza walionyesha kuwa waendeshaji waliosukutua maji yenye wanga na kuyatema walimaliza jaribio la takriban saa moja kwa kasi iliyozidi kwa karibu asilimia 3, kwani kinywa huupasha ubongo habari kabla ya tumbo.

Ganzi ya kidole kidogo na cha pete ni jambo jingine: hiyo ni neva inayobanwa kiganjani na usukani, nawe badilisha mshiko mara kwa mara.

Safari ijayo tafuna matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, tangu nusu saa ya kwanza, usingoje njaa, na siku inayofuata usibebe mzigo. Mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, nenda hospitali siku hiyohiyo.