Waulize Wenyeji: Msilale njiani, Uganda inaanzia dirishani

Maswali ya safari yamejaa wiki hii na karibu yote yanataka kujua Kampala, Kampala tu. Kampala ni nzuri, mimi ndo nyumbani, ila inaniuma mtu anapokuja kutoka mbali na kurudi kwao hajaona kitu zaidi ya foleni yetu. Haya twende.

*Shikamoo. Niko Bukoba, mwezi ujao mimi na mama mdogo tunakuja Kampala kwa basi kupitia Mutukula, mara yetu ya kwanza. Tujiandae vipi, na je njiani kuna cha kuona au tulale tu mpaka tufike?*

Marahaba dada, na msilale hata kidogo! Kwanza makaratasi: pasipoti, na ile kadi ya chanjo ya homa ya manjano, hiyo wengi wanaisahau halafu wanaanza kuhangaika mpakani. Hela badilisheni kidogo tu pale Mutukula, ya kula na ya dharura, nyingine mtabadilisha mjini kwa utulivu.

Sasa njia yenyewe. Mtapita Kyotera mpaka Masaka, na hapo nyie watu wa Bukoba mtajisikia nyumbani maana kama kwenu, senene ni chakula cha heshima. Ikiwa ni Novemba na mnapita usiku, angalieni pembeni mtaona mabati yamesimamishwa yanawaka taa kali kama uwanja wa mpira, na chini yake mapipa, yaani senene anafuata mwanga, anagonga bati, anateleza mpaka ndani ya pipa, na asubuhi wanaamkia kuchambua mabawa na miguu. Mama mdogo ataelewa kabisa kinachoendelea pale.

Mbele ya Masaka ni Lukaya. Basi likipunguza mwendo tu mtaona watu wanakimbia nalo, wamevaa aproni, mikono juu, vijiti vya nyama na kuku wa kuchoma vinaingia dirishani mpaka puani, na gonja, zile ndizi tamu zilizoiva zikachomwa mpaka zikawa na rangi ya asali. Ulizeni bei kabla hamjapokea kijiti na muwe na hela ndogo ndogo mkononi tayari, maana dereva hakai na ukitoa noti ya elfu hamsini chenji itabaki Lukaya wewe ukiwa Lwera! Lwera ni lile bonde la maji linalofuata, kuna samaki wametundikwa barabarani. Halafu mnavuka ikweta pale Kayabwe (nimeijibu hapo chini), na mkikaribia Mpigi kuna Mpambire, kijiji cha watengeneza ngoma, zimepangwa nje kuanzia za kushika mkononi mpaka za kukumbatia.

Mkifika Kampala neno moja litawachanganya. Hapa "taxi" ni daladala, ile ya abiria 14, nyeupe yenye mstari wa vibuluu. Taxi mnayoijua nyie inaitwa "special hire", kwa hiyo mkimwambia mtu awapeleke kwenye taxi msishangae akiwapeleka kwenye kituo chenye mamia ya vigari na makondakta wanapiga kelele.

Na wakati wa kurudi, hapa bado mtafungashiwa vitu kwenye kaveera, yaani mfuko wa plastiki, lakini Tanzania ilishaipiga marufuku tangu Juni 2019. Njooni na kikapu chenu.

*Mimi wa Nakuru. Niliona video ya yale maji ya ikweta pale Kayabwe, upande huu yanazunguka hivi, upande ule vile, katikati yanaenda moja kwa moja. Ni kweli au tunachezewa?*

Nimesimama pale mara nyingi na nimemwangalia yule kijana kwa makini, si kwa ubaya, anafanya kazi yake na anaifanya vizuri. Ana beseni lenye tundu chini, anamwaga maji, anaweka ua dogo juu ili uone mzunguko, kisha anasogea hatua kadhaa kaskazini anarudia, halafu kusini. Ua linazunguka kweli. Ila kinacholizungusha ni jinsi maji yalivyomwagwa na beseni lilivyosogezwa, kwa sababu nguvu ya mzunguko wa dunia ipo na inapindisha vimbunga vikubwa, lakini kwenye beseni la lita chache, tena hatua kumi kutoka kwenye mstari, ni ndogo mno haiwezi kushinda hata mtikisiko wa mkono.

Lakini subiri, ikweta ina maajabu yake ya kweli ambayo hayatangazwi. La kwanza, uzito: ukipimwa ikweta unakuwa mwepesi kwa kama nusu asilimia kuliko ukipimwa kwenye ncha ya dunia, kwa mtu wa kilo 60 ni kama gramu 300. La pili ndo nalipenda zaidi. Njoo tarehe 20 au 21 Machi, au 22, 23 Septemba, usimame pale karibu na saa saba mchana, jua linakuwa juu ya utosi kabisa na kivuli chako kinaingia chini ya miguu. Simamisha chupa ya soda barabarani uone, kivuli hakuna! Si saa sita kamili kwa sababu saa tunazotumia Afrika Mashariki zimepangwa kwa mstari ulioko mashariki zaidi yetu, huku kwetu jua linachelewa kidogo kufika katikati. Kumbe na nyie Kenya mnapitiwa na mstari huohuo, kwa hiyo hata Nanyuki inawezekana, huko tu saa yake itatangulia kidogo.

*Uganda ina majimbo mangapi? Mtoto wangu ana kazi ya shule. Msomaji, Tanga.*

Majimbo kama ya Nigeria hatuna. Tuna kanda nne, Kati, Mashariki, Kaskazini na Magharibi, na chini yake wilaya zaidi ya 130. Juu ya hapo kuna falme za kitamaduni zilizorudishwa miaka ya 1990, Buganda, Bunyoro, Tooro na Busoga, hizi haziongozi serikali ila watu wanaziheshimu sana. Na mwambie asiandike kwamba jiji ni Kampala peke yake, hiyo imepitwa, tangu Julai 2020 Gulu, Jinja, Mbarara, Mbale, Arua, Masaka na Fort Portal nazo zilipandishwa kuwa majiji.

*Niko Bungoma. Nasikia Mbale wana tohara kama yetu, ni kweli? Na inafaa kuja kuangalia?*

Kweli kabisa, nyie Wabukusu na Wagisu ni ndugu, mlima Elgon umewaweka tu pande mbili. Huku inaitwa Imbalu na ni mwaka wa shufwa kama kwenu, inafunguliwa Agosti pale Mutoto karibu na Mbale. Njoo, ila ujue lile si onyesho la watalii. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha, na kijana akisimama kwa kisu kaa kimya, ukoo mzima unamwangalia. Sherehe ikiisha, kula malewa, machipukizi ya mwanzi yaliyokaushwa kwa moshi na kupikwa na karanga, halafu panda Kapchorwa ukaone maporomoko ya Sipi, yako matatu. Huko ndo nyumbani kwa Joshua Cheptegei aliyechukua dhahabu ya mita 10,000 Paris 2024, na ukishapanda kile kilima kwa miguu utaelewa mapafu yake yametoka wapi.

*Kaka, gorila ni kwa Wazungu tu? Naambiwa ni mamia ya dola. Dodoma.*

Hapana jamani, na hili linaniudhi kwa sababu limewazuia wengi. Mgeni wa nje analipa dola 800, lakini raia wa Afrika Mashariki tangu Julai 2024 ni shilingi 300,000 za Uganda. Thibitisha kwanza bei ya siku hiyo kwenye ofisi za mamlaka ya wanyamapori, UWA, pale Kamwokya, jirani na jumba la makumbusho, na ubebe pasipoti. Watu ni wanane kwa familia moja ya gorila, saa moja tu ukishawaona, na mtoto chini ya miaka 15 haruhusiwi.

Kosa kubwa ni malazi. Bwindi, ule msitu wa gorila, ina milango minne, Buhoma, Ruhija, Rushaga na Nkuringo, na kibali chako ni cha mlango mmoja. Kwenye ramani inaonekana karibu lakini barabara inazunguka milima, saa kadhaa. Jamaa yangu alilipia chumba Buhoma na kibali chake ni cha Rushaga, kuanza matembezi ni asubuhi mapema, ikabidi wakodi gari usiku wa manane kwenye utelezi. Soma kibali kwanza, halafu ndo utafute pa kulala.

*Tunatoka Mombasa kwenda Jinja. Kiswahili chetu kitatufikisha? Na chanzo cha Nile kinafaa?*

Kitawafikisha. Baraza la mawaziri lilikubali Julai 2022 kiwe lugha rasmi, ila mitaani bado inategemea mahali, Arua na mpakani mwa Kenya mtaongea mpaka mchoke, Kampala wengine watawajibu Kiingereza au Kiganda. Wazee wengine hawakipendi kwa sababu walikisikia kwa wanajeshi wakati wa Amin, kwa hiyo anza na "ssebo" kwa mwanaume na "nnyabo" kwa mwanamke, ukishasalimia vizuri watu wanalegea.

Chanzo kinafaa, ila msitegemee maporomoko. Yale aliyoyaona Speke, mvumbuzi wa Kiingereza, mwaka 1862 yalizama bwawa la umeme lilipokamilika 1954. Kinachobaki ni maji yenyewe, ziwa linaishia hapa, mto unaanza hapa. Nendeni saa moja asubuhi kabla ya makundi, patana bei ya boti nzima si ya mtu mmoja mmoja, na msipige picha madaraja wala bwawa, askari hawataki. Mwambieni nahodha azime injini pale maji yanapobubujika kutoka chini. Boti inayumba kidogo hapo na kuanza kwenda yenyewe upande wa kaskazini, shikeni simu zenu vizuri.