Nina digrii ya uuguzi, nikasome theolojia au nikahubiri tu?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe mchungaji. Mi ni muuguzi, miaka 34, niko Iringa na mke na watoto 2. Kanisani nahudumu kama mwinjilisti wa kujitolea, naongoza jumuiya na kutembelea wagonjwa. Miaka 3 sasa moyo unaniwaka niwe mchungaji. Kuna vyuo nimeona vinapokea watu wenye digrii ya fani nyingine wakasome masta, ila mzee mmoja wa kanisa kaniambia Petro alikuwa mvuvi tu, Roho ndo mwalimu, nikienda chuo ntarudi nimepoa. Nifanyeje? Na nikimaliza nakuwa mchungaji moja kwa moja?

JIBU: Asifiwe sana mdogo wangu. Naanza na la mwisho maana ndo linaloumiza watu wengi: hapana. Chuo kinakupa cheti, anayekubariki na kukupa kundi ni kanisa lako. Nimeona watu wameuza kiwanja wakasoma, wamerudi na joho, kanisa linawauliza wewe nani alikutuma? Kwa hiyo kabla hujajaza fomu yoyote nenda kwa mchungaji wa usharika wako, mweleze wito wako, aupeleke kwa wazee na ngazi za juu. Itachukua muda, hata mwaka, vumilia, na ukitumwa na kanisa wakati mwingine hata ada inapata pa kushikia.

Kuhusu mzee, msikilize kwa heshima, anaogopa kitu cha kweli. Ila muulize kwa upole habari ya Apolo, Matendo 18. Yule alikuwa hodari katika maandiko na roho inamwaka, anahubiri vizuri tu, lakini alijua ubatizo wa Yohana peke yake, Prisila na Akila wakamchukua kwao wakamfundisha kwa usahihi zaidi, na moto wake haukuzimika. Na kusomesha watumishi sio jambo la juzi kwetu, chuo cha St. Paul's kilichopo Limuru, Kenya, leo kilianzia Frere Town, Mombasa, mwaka 1903.

Na Petro huyohuyo, Yohana 21, Bwana anamuuliza mara 3 "wanipenda?" Kwenye Kiswahili neno ni lilelile, kwenye Kigiriki yako mawili, agapao na fileo. Mi nilipojua hilo mwaka wa kwanza nikalihubiri kwa nguvu zote kwamba kuna upendo wa juu na upendo wa chini, watu wakapiga vigelegele. Mwaka wa pili mwalimu akatupa kazi tufuatilie Yohana anavyoyatumia maneno hayo injili nzima, nikakuta sura ya 3 Baba anampenda Mwana kwa neno moja, sura ya 5 anampenda kwa lile lingine. Nilinyamaza siku nzima. Nilikuwa nimewapa watu kitu ambacho maandiko hayakibebi, na bila ile kazi ningekihubiri hadi leo.

Lakini lililonibadilisha zaidi ni msiba. Kabla sijasoma nilizika mtoto wa miaka 4, nikasema lile tunalosema wote, sisi tulimpenda lakini Mungu amempenda zaidi. Mama yake alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, ameshika kiatu kimoja cha yule mtoto, akaniangalia akasema, "Kwa hiyo mchungaji, mimi sikumpenda vya kutosha?" Sikuwa na jibu, nikaomba sala nikaondoka. Baadaye masomoni tulipelekwa wodini, kila jioni unaandika mazungumzo yako na mgonjwa neno kwa neno, afu msimamizi anakuuliza hapa kwa nini ulikimbilia sala, ulikuwa unamwombea yeye au ulikuwa unatoroka? Yule mama nilimrudia baada ya miaka 2, nikakaa naye, safari hii nilisikiliza zaidi kuliko nilivyoongea. We muuguzi hapo utakuwa na mtaji ambao sisi wengine hatukuwa nao.

Sasa kuhusu kozi yenyewe angalia vizuri, maana neno masta linachanganya. MDiv (Master of Divinity, masta ya uchungaji) kwa kawaida ni miaka 3 na imetengenezwa kwa ajili ya huduma, kuna Kigiriki au Kiebrania, mahubiri, ushauri, na vitendo, na mara nyingi inapokea mtu mwenye digrii ya fani nyingine. Masta ya theolojia ya kitaaluma ni fupi lakini inaelekea kwenye utafiti, na vyuo vingi vinataka uwe na digrii ya theolojia tayari. Yako ni ile ya kwanza, au kanisa lako likitaka uanze na digrii ya theolojia, kubali tu. Hakikisha chuo kinatambuliwa na TCU, tume ya vyuo vikuu Tanzania, kikiwa Kenya basi na CUE, tume ya kule, na anayekuahidi udaktari wa theolojia kwa miezi 6 onlaini mkimbie.

Ajira usiache bado, ulizia kwanza ruhusa ya masomo kazini. Na kuna mtu mmoja kwenye barua yako umemtaja mara moja tu, mstari wa kwanza, ukapita. Mama watoto anasemaje? Kaa naye kabla hujaenda kwa mchungaji, afu uniandikie tena na maneno yake yeye.