Kabureta Iguswe Mwisho

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Masasi aliniandikia kwamba ameifanyia ovahoo injini ya pikapu yake, ameifunga kabureta (kifaa kinachochanganya hewa na petroli) ya kampuni ya Weber aliyoitamani kwa miaka, na sasa gari linatoa moshi mweusi na kuzimika kila anapoachia mafuta. Nilicheka kwa uchungu, kwa kuwa mwaka juzi mtu huyo nilikuwa mimi.

Hilux yangu ina injini ya 22R. Baada ya kuisuka upya niliivua kabureta yake ya asili nikaifunga Weber 32/36, ambayo koo lake la kwanza, yaani tundu la kupitisha hewa, lina milimita 32 na la pili, linalofunguka unapokanyaga zaidi, lina milimita 36. Nilitarajia gari lipae, lakini lilikohoa kutoka Chikongola hadi Mikindani hapa Mtwara. Fundi mmoja aliniambia mbele za watu kwamba nimenunua pambo, na kauli hiyo inanikera hadi leo, ingawa nakiri kwamba kwa siku nne nilikuwa nikizungusha skrubu kama mtu anayetafuta stesheni ya redio.

Kabureta haikuwa na kosa lolote. Skrubu za bamba linaloiunganisha na manifoldi, mabomba yanayopeleka mchanganyiko kwenye silinda, zilikuwa zimelegea, hewa ya wizi ikawa inapenya chini yake, nami kwa kutojua nikawa naongeza mafuta ili kuifidia. Mafuta yakizidi kwenye injini iliyosukwa upya, madhara hayaishii kwenye moshi, kwani huosha oili iliyo kwenye kuta za silinda wakati ringi za pistoni bado hazijakaa sawa. Nafasi za vali nazo hazikuwa zimepimwa tena tangu silinda hedi ifungwe.

Kwa hiyo, ndugu zangu mnaopenda nguvu, anzeni na vali, kisha taimingi (wakati wa plagi kutoa cheche), kisha hakikisheni hakuna hewa inayoingia pembeni. Kabureta iguswe mwisho, injini ikiwa imepata joto kamili. Funga skrubu ya mchanganyiko polepole hadi ikae bila kuikaza, ifungue mizunguko miwili, halafu ifunge kidogo kidogo hadi injini ianze kuyumba, kisha ifungue tena hadi itulie. Ikitulia kabla ya mzunguko mmoja na nusu, jeti ya mwendo wa chini, yaani kitundu kinachopima petroli injini ikiwa sailensa, ni kubwa mno. Ikidai zaidi ya miwili na nusu, ni ndogo. Yangu ilitulia kwenye miwili kasoro robo. Msikurupuke kuagiza jeti kutoka Dar es Salaam kabla ya kipimo hicho. Mimi nilikurupuka, na zile nilizoagiza ziko kwenye kopo hadi sasa.

Mwezi wa tano nilipanda na gari hadi Newala, ambako hewa ni nyepesi kuliko huku pwani na kabureta huelekea kuzidisha mafuta. Halikukohoa hata mara moja, na plagi nilizozichomoa kule juu zilikuwa na rangi ya korosho iliyokaangwa, dalili kwamba mchanganyiko uko sawa. Wakati wa kurudi nilimpa lifti fundi yule yule. Hakusema neno kuhusu pambo, ila tulipokaribia mjini aliniuliza kabureta ile nimeinunua shilingi ngapi.