Wosia wa mwenye kiwanja kimoja: maswali ya wasomaji

Mimi ni fundi uashi, Chanika. Nina kiwanja, chumba ambacho hakijaezekwa na pikipiki. Wosia si wa matajiri?

Tajiri ana wakili. Wewe una karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa, imekunjwa ndani ya begi ambalo pengine mkeo halijui. Na kadi ya pikipiki, nabashiri, bado ina jina la aliyekuuzia. Kazi ya kwanza ni hiyo, kabla hata ya kugawa: badilisha kadi, kisha andika kiwanja kilipo, majirani wa pande zote, aliyekuuzia na waliokuwapo mkiandikishiana. Ongeza akiba ya SACCOS, zamu yako ya upatu, unaowadai na wanaokudai. Usiandike namba za siri.

Mume wangu anasema wosia ni uchuro. Nyumba tumejenga wote, ila hati ina jina lake.

Dada, hapa sitazunguka. Mtu akifa bila wosia, mahakama huangalia aliishi kwa mila, kwa dini au nje ya vyote viwili. Ikiamuliwa ni mila, kanuni za sheria ya mila za mwaka 1963 bado zinasema fungu la mjane ni kutunzwa na watoto wake. Wajane wawili wa Tanzania walilifikisha suala hilo hadi kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake, na mwaka 2015 ikaona walibaguliwa. Kwa hiyo usibishane naye juu ya uchuro. Mwombe muweke majina mawili kwenye hati. Sheria ya Ndoa ya 1971 huchukulia kuwa mali yenye majina ya wanandoa wote wawili ni yao kwa hisa sawa, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwenye hati kifo hakitajwi, labda hiyo ataisaini.

Sisi Waislamu mafungu yamo ndani ya Qur'ani. Wasia wa nini tena?

Mafungu yamo, kweli: mke hupata thumni, yaani moja ya nane, mume akiacha watoto. Lakini mtoto uliyemlea hana fungu, na mjukuu aliyefiwa na baba yake huzuiwa na baba zake wadogo walio hai. Hao ndio wa kuusiwa, ndani ya theluthi moja, maana zaidi ya hapo ni mpaka warithi waridhie. Andika na madeni yako. Hulipwa kabla mrithi hajagusa kitu.

Kaka yetu aliteuliwa msimamizi wa mirathi ya baba. Huu mwaka wa pili anapokea kodi za vyumba na anasema nyumba ni yake.

Swali hili huja kila mara, na huwa linanikera. Usimamizi haumpi mtu umiliki. Msimamizi hukusanya mali, hulipa madeni, hugawa, kisha hurudisha hesabu kortini. Aliyeteuliwa na mahakama ya mwanzo hupewa miezi 4, na mahakama inaweza kumwongezea. Chukueni namba ya shauri, rudini mahakama ileile, ombeni aitwe atoe hesabu, na kodi za vyumba ziwemo. Akikaidi, ombeni uteuzi wake utenguliwe. Msimalizane naye kwenye kikao cha ukoo, kwa sababu kikao hupendekeza tu, aliyemteua ni mahakama. Baba angeandika wosia angemtaja mwenyewe msimamizi anayemwamini, na si lazima awe mtoto wa kwanza.

Mashahidi wangapi, na niuweke wapi?

Kwa kanuni za mila, anayejua kusoma na kuandika anahitaji wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Asiyejua, wanne: wawili kwa wawili. Wote wawepo pamoja, na unayemwachia kitu asiwe shahidi. Weka tarehe na saini. RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, hupokea wosia na kuutunza, wakili pia. Popote utakapouweka, mwambie mtu mmoja.