Kibali cha Kutua kwa Shirika la Kigeni: Mnara Huja Mwisho

Mwongoza ndege akikuruhusu kutua, maana yake ni kwamba njia ya kurukia ni yako kwa wakati ule. Hakupi haki ya kuingia nchini, wala hathibitishi kwamba ndege yako inafaa kutua pale. Mambo hayo mawili yamalizwe kabla abiria hawajapanda.

Mkataba wa Chicago wa 1944 kuhusu usafiri wa anga wa kimataifa, ibara ya 6, unazuia safari za ratiba kuingia nchi nyingine bila idhini maalumu. Makubaliano ya serikali mbili hayatoshi: shirika huteuliwa na serikali yake, kisha huchunguzwa upande wa usalama. Ulaya, idhini hiyo ya usalama hutolewa na EASA, wakala wa usalama wa anga wa Umoja wa Ulaya, na hutumika kwa nchi zote wanachama. Marekani kuna milango miwili, kibali cha kiuchumi cha Wizara ya Uchukuzi na masharti ya uendeshaji ya FAA, mamlaka ya usafiri wa anga, chini ya Part 129, sehemu ya kanuni inayohusu mashirika ya kigeni. Ukipata kimoja bado hujamaliza.

Kinachowakwamisha wengi ni kubadilisha ndege dakika za mwisho. Ndege mbadala inaweza kuwa na usajili usiokuwemo kwenye kibali, au imekodiwa pamoja na marubani wake, hivyo inaruka kwa cheti cha shirika jingine. Orodhesha ndege zote na bima zake tangu ombi la kwanza. Angalia pia saa: vibali huhesabiwa kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia, na kuchelewa kunaweza kukuvusha hadi tarehe nyingine.

Sasa urefu wa njia. Ndege ya jeti hupangiwa kusimama ndani ya asilimia 60 ya urefu uliopo. Kwenye mita 2,500 kavu, una mita 1,500 tu. Njia ikitarajiwa kuwa na maji, urefu unaohitajika huongezwa asilimia 15, na mita zako hushuka hadi kama 1,300. Uimara wa lami nao usipimwe kwa majedwali ya zamani. Tangu Novemba 2024 ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, inatumia ACR (kipimo cha mzigo wa ndege juu ya lami) na PCR (uwezo wa lami kuubeba).

Kwenye ukungu ndipo karatasi huumiza zaidi. Kutua kwa vyombo kuna madaraja: daraja la I huishia futi 200, kimo ambacho rubani lazima awe ameiona njia au apande tena, na uonekano wa mita 550 kwenye njia. Daraja la II hushuka hadi futi 100 na mita 300. Idhini ya nchi yako peke yake haikufikishi huko; Marekani, kwa mfano, idhini ya daraja la II lazima iwemo kwenye masharti yako ya FAA. Isipokuwemo, ndege inayoweza kutua yenyewe itabaki na viwango vya daraja la I, kwa hiyo beba mafuta ya kufika uwanja mbadala ulio wazi kweli.

Rubani akishapewa ruhusa, arudie namba ya njia pamoja na kushoto au kulia. Njia sambamba huchanganywa kwa urahisi. Na akiombwa, huko Marekani, atue na kusimama kabla ya njia inayokatiza, ana haki ya kukataa. Kama hajafunzwa utaratibu huo, akatae mara moja, asingoje hadi awe karibu kugusa ardhi.